Chupa ya Kioko na Wageni wa Msiba

Harufu ya plastiki ikichemka bado hunirudisha jikoni kwa Susu, pale Kanyangi. Watu wengine utoto wao unanukia maua, au mvua ya kwanza ikigusa udongo. Wangu unanukia chupa ya mtoto ikizunguka ndani ya sufuria, moshi wa kuni ukiingia juu yake, mpaka hujui kama unachemsha chupa au unapika supu ya chupa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa amekwenda hospitali Kitui kujifungua, na aliyerudi ni mtoto peke yake, amefungwa shuka ya kijani, kopo la maziwa ya unga limewekwa kando yake kama pacha wake. Walituambia Mama alivuja damu nyingi. Nakumbuka nililitazama lile kopo. Lilikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, nikawaza kwamba huyu wetu hafanani naye hata kidogo.

Wakamwita Kioko kwa sababu alizaliwa asubuhi. Baba, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Emali, alikuja, akazika, akakaa siku chache akitazama zizi la mbuzi, kisha akarudi kazini, maana kopo lilikuwa linaisha. Tukabaki watatu: Susu, yaani mamake Baba, mimi, na Kioko. Wa nne alikuwa Mukuyuni lakini maneno yake yalikuwa nasi kila siku. Huyo ni Anti Tabitha, dadake Baba, aliyekuwa na duka la nguo na hakuwa na mtoto. Siku ya mazishi, udongo ukiwa bado kwenye viatu vyake, alimwambia Susu, "Mwaitu, mama yangu, wewe umezeeka, na Mumbua mwenyewe ni mtoto. Nipe huyu kijana nimlee." Susu akamjibu kwamba hata kaburi halijakauka. Wakabishana, wakachoka, wakakubaliana: Kioko akae Kanyangi mpaka siku ya kliniki ya mwezi. Akiwa ameongeza uzito, ni wetu. Asipoongeza, aende Mukuyuni. Waliyasema hayo mbele yangu kama watu wanaoongea mbele ya kiti, na kwa kweli nilikuwa kiti. Sikulia hata siku moja. Wamama wa kanisa walinisifu eti nimekuwa jasiri, nami nikanyamaza, kwa sababu si adabu kumkatiza mtu mzima anapokusifu kwa kitu ambacho hujafanya.

Kwetu wageni hawakomi kuja baada ya mazishi. Aliyekosa kufika siku yenyewe huja baadaye, na aliyefika hurudi kuona mnaendeleaje. Walikuja na sukari, na mahindi, na kuku aliyefungwa miguu, na kila mmoja alipokwisha kuomba alinyoosha mikono apewe mtoto. Kioko naye alikuwa mtoto wa kulia. Alilia akiwa ameloa, akifunikwa sana, hata sauti ya maombi ikipanda. Mama Nduku, mwenyekiti wa wamama wa kanisa, mwanamke wa mikono mikubwa kama sahani, ndiye aliyekuwa hodari zaidi wa kuitafuta chupa.

"Huyu ako na njaa," alisema.

"Amekula sasa hivi," nikamwambia.

"Amekula nini na hana mama?"

Akaitwaa chupa mkononi mwangu. Chupa ilipitishwa kutoka paja hadi paja kama sahani ya sadaka. Maziwa yaliyokorogwa asubuhi yalipashwa moto saa sita, yakapashwa tena jioni, na kila mgeni aliamini yule aliyemtangulia hakumpa mtoto kitu. Kioko akifunga mdomo walimgusa shavu akafungua. Akigeuza kichwa walisema anatafuta mama yake, wakamgeuza tena. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Sisi ni watu wa nchi ya ukame, tumezoea kwamba kilio cha mtoto kina dawa moja tu, na kilio cha yatima hakuna anayeweza kukivumilia hata kwa dakika moja. Tumbo lake likawa gumu kama ngoma. Akaanza kutapika maziwa yenye mabonge, kisha akaanza kuharisha, kisha akanyamaza. Aliponyamaza ndipo Susu alipomfunga mgongoni akaniambia nichukue kopo na chupa tuende zahanati.

Nesi alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini. Alimbonyeza Kioko tumbo, akanusa chupa, akaiweka mbali.

"Susu, huyu anakula mara ngapi?"

"Akilia."

"Na analia mara ngapi?"

"Wageni wakija."

"Wageni wanakuja mara ngapi?"

Susu alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kuchekesha kanisani. "Mwanangu, sisi tuna watu," akasema.

Tulikaa pale mpaka jioni wakimrudishia maji mwilini kidogo kidogo. Nesi akatufundisha, na kwa kuwa macho ya Susu hayakuona mistari ya chupa, alinifundisha mimi. Maji yachemke kwanza, yapimwe kabla ya unga. Kijiko cha kopo kisawazishwe, kisiwe na kilima, na maji yasiongezwe eti kopo lidumu. Kwa umri ule mtoto aanzie mstari wa sitini, kila baada ya saa tatu hivi, na kadiri anavyokua kiasi kiongezeke. Akilala sana, aamshwe ale. Lakini saa si polisi, akasema, tazama mtoto. Akinyonya vidole, akitafuta tafuta kwa mdomo, hiyo ni njaa, usingoje alie. Akigeuza kichwa, akilegea mikono, ameshiba, hata kama chupa ina nusu. Usimlazimishe amalize. Na yanayobaki, mwaga.

Yote Susu aliyakubali isipokuwa hilo la mwisho. Kumwaga maziwa, Kanyangi, mwaka ambao hata mbuzi walikauka, aliona ni kutafuta laana kwa miguu yako mwenyewe. Alikuwa akingoja Kioko ageuze kichwa, halafu anaitwaa chupa na kummiminia yaliyobaki mtu mwingine, yaani yeye, ndani ya chai. Baada ya muda mashavu ya Susu yakajaa, akaanza kufanana na yule mtoto wa kwenye kopo kuliko Kioko alivyofanana naye.

Sasa ikabaki kazi ya wageni. Huwezi kumwambia Mama Nduku asimguse mtoto wa msiba, utasemwa mpaka soko la Tulia. Susu hakumwambia. Ulikuwa wakati wa mbaazi, na alichofanya ni kuweka ungo uliojaa mbaazi zikiwa bado ndani ya maganda hapo mlangoni. Mgeni akimaliza kuomba tu, anaona ungo umetua mapajani mwake. "Mtoto ameshiba, dada. Nisaidie hapa kidogo." Na mwanamke wa kwetu hawezi kukaa na mbaazi ambazo hazijamenywa, mikono inaenda yenyewe. Kioko alilia, wakamenya. Nilimbadilisha nepi akanyamaza, wakatazamana. "Kumbe alikuwa ameloa," Mama Nduku akasema, kama ni yeye aliyegundua. Mbaazi zetu ziliisha, wakaanza kuja na zao.

Mimi shule niliiacha kwa muda, na hapo ndipo ugonjwa wangu wa kukaa nyumbani ulipoanza, haujapona. Nilikaa kwenye kigoda mkabala na mdomo wa Kioko kama mtu anayengoja taarifa ya habari. Midomo ikicheza, natia maji. Mchana kutwa sikuwaza lolote lingine, na nikilala niliota vijiko vilivyosawazishwa. Watu walikuwa wakizungumza juu ya Mama pale nje, wakicheka vitu alivyowahi kusema, nami nilisikia sauti bila maneno, kwa maana Kioko alikuwa ananyonya na nilitaka kujua ataachia wapi.

Siku ya kliniki Anti Tabitha alifika mapema na begi lenye nguo mpya za mtoto na blanketi la manjano. Alikuwa amejitayarisha kurudi na mtu. Alimkuta Susu anamimina mabaki kwenye kikombe, akasimama mlangoni akatazama.

"Mwaitu, hapa ni nani hasa analelewa?"

"Wote," Susu akasema, akanywa.

Kule zahanati walimtundika Kioko kwenye mizani ya kamba akapiga mateke kama mbuzi wa mnada. Nesi akangoja mshale utulie. Alizaliwa kilo tatu kasoro. Mshale ulisimama tatu na nusu. "Huyu anaendelea vizuri," nesi akasema, akamwita anayefuata. Anti Tabitha akazitoa zile nguo mpya kwenye begi, akamkabidhi Susu. Alimfunika Kioko lile blanketi la manjano, akalikunja vizuri chini ya kidevu, akakunja begi tupu akaliweka kwapani, akaenda kungoja gari la Mukuyuni. Susu hakushangilia. Mimi nilikuwa natazama maji ya chupa yanapoa.

Leo nakaribia umri wa mama mwenye watoto wakubwa, nami sina hata mmoja; niko Kanyangi ileile, cheti changu cha Form Four kinalinda sanduku. Susu alishazikwa karibu na Mama. Kioko ana ndevu, na Anti Tabitha alimpata mwishowe bila mizani: alipomaliza shule alikwenda kuuza dukani kwake, na huko ndiko alikooa. Desemba iliyopita alikuja na mkewe na binti yao. Mkewe amerudi kazini, kwa hiyo mtoto anakunywa chupa, na simu ya Kioko inamwambia ni saa ngapi na kiasi gani. Wana birika la umeme, wana poda ya kuoshea chupa, hakuna kinachonuka. Kwa mila zetu binti wa kwanza hubeba jina la mamake baba, basi siku tatu nilisikia watu wakiita "Mbithe" pale uani, jina ambalo halikuitwa hapo tangu Mama aondoke. Nilikuwa nikigeuka kila mara.

Simu ikalia kwamba saa ya chupa imefika, mtoto hataki. Kioko akaishika chupa juu juu, akanitazama. "We Mumbua, si ndiwe mtaalamu?" Nikamwambia aachane na simu, atazame mdomo. Tukaketi tukautazama. Mtoto alipoanza kunyonya, Kioko akauliza bila kuinua macho, "Kwani Mama alikuwa mtu wa aina gani?"

Nikatafuta. Nilitafuta muda mrefu, yeye akingoja kwa upole. Sauti ya Mama sikuipata. Nikamwambia sijui, siku zile nilikuwa na kazi.

"Sawa," akasema. "Basi niambie mimi nilikuwa aje."

Hapo nikaanza, na hadi mtoto analala nilikuwa bado naongea.