Mkwe Wangu na Choo Changu

Kwenye duara letu pale Rwamgasa, yaani shimo tunalochimbia dhahabu, hakuna anayejisaidia chini. Kukojoa utasamehewa. Haja kubwa inafukuza dhahabu, na aliyeifukuza hatazamwi usoni. Kupanda juu kwa kamba nako kunachosha, na ukirudi unakuta wenzako wamenuna. Kwa hiyo hatukuwa tunakunywa maji. Asubuhi ugali wa muhogo na dagaa, halafu tunashuka na kiu yetu mpaka jioni. Nilijiona nina akili sana.

Tumbo halikuafiki. Nikawa nakaa siku kadhaa bila choo, na kikija najikamua mpaka machozi yananitoka. Nikanunua dawa ya unga sokoni. Muuzaji alisema inatibu tumbo, nguvu za kiume na mikosi. Iliniharisha wiki nzima, kisha choo kikarudi kigumu kuliko mwanzo. Kuhusu mikosi sina la kusema.

Halafu nikaona damu. Niliogopa sana. Baba mkwe wangu alifariki kwa saratani ya utumbo, na yeye ilianza hivyo hivyo. Nilivumilia, nikavumilia, mwishowe nikamwambia mke wangu. Akasema twende zahanati. Nikamjibu kwamba ni bora nife, maana anayetibu pale ni mama yake.

Sisi Wasukuma mama mkwe humpi mkono wala huketi naye. Mkikutana njiani mnapishana, kila mtu anaangalia porini. Tangu nioe sijawahi kumwona yule mama akitafuna. Leo nikamwonyeshe makalio?

Mke wangu hakubishana. Alijifunga kanga akanipeleka. Mimi nikakaa kwenye benchi nje, mama yake akabaki chumbani, na mke wangu akasimama mlangoni.

"Muulize mwenzio choo kina rangi gani," sauti ikasema kutoka ndani.

"Mama anauliza choo kina rangi gani."

"Mwambie shikamoo kwanza."

"Anasema shikamoo."

"Marahaba. Rangi."

Mzee mmoja aliyekuja na kikohozi chake aliacha kukohoa ili asikie vizuri. Tukaendelea hivyo hivyo: damu ni nyekundu au nyeusi, nimekonda au sijakonda, maji nakunywa kiasi gani. Kwa hilo la maji nilisikia kijiko cha kuhesabia vidonge kikiwekwa mezani kwa nguvu.

"Amekaa nayo muda gani?"

"Tangu tupande mahindi," nikasema. Mahindi tulikuwa tumeshavuna.

Ndani kiti kikasogezwa.

"Aingie."

"Mama, huyu ni mkwe wako."

"Namjua ni nani. Baba yako naye alinificha. Nilikuja kujua nilipofua shuka zake. Aingie, afunge mlango."

Nikaingia. Nililala ubavu, nimeuangalia ukuta wenye picha ya mama anayenyonyesha. Mkwe wangu alijitanda kanga yakabaki macho, akavaa glavu. Nilikuwa nalia, wala si kwa maumivu.

"Mwambie mwenzio ni bawasiri," alimwambia mke wangu baadaye, mimi nikiwa palepale. Lakini hakuridhika, akaniandikia niende Mwanza wakanipime kwa kamera. Utumbo ulikutwa mzima. Masharti nikaletewa na mke wangu: maji, matembele, papai, nisijikamue, na haja ikija nisiizuie.

Siku hizi nashuka na chupa ya maji, na haja ikija napanda. Wenzangu wananuna. Dhahabu haijaonekana kujali.

Na mkwe wangu bado tunapishana tukiangalia porini. Ila kila Jumapili mke wangu huenda kwao kumsalimia, na simu yangu huita.

"Mama anauliza, umeenda?"

"Mwambie nimeenda."

Mke wangu anasema mama yake huuliza akiwa amesimama, na haketi mpaka nijibu.