Pweza wa Kinondo, Jiwe la Bari

Sisi tuliokulia Kinondo, pwani ya Kenya, kabla ya lami, siku zetu zilipangwa na maji. Bamvua lilipofika na maji kupwa hadi mbali, mama alituamsha alfajiri, tukavaa viatu vya tairi tukamfuata mwambani. Yeye alishika chuma chake, mimi ndoo, na mdogo wangu Mwanaidi alishika pindo la kanga ya mama asiteleze. Mama alilijua shimo la pweza kwa maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni. "Mla kaa hafagii kwake," alisema, kisha akachokoa.

Kazi niliyoichukia ni ile iliyofuata. Pweza lazima apigwe, la sivyo utatafuna kiatu. Nilimbwaga jiweni mara sitini, nikamsugua mpaka atoe povu jeupe, nikambwaga tena. Wenzangu walikuwa wakicheza nage na mdako, mimi nanuka pweza mpaka kwenye nywele. Shuleni waliniita Mikono Minane. "Mikono Minane, njoo utubebee madawati!" Nilicheka nao, lakini rohoni nilimwonea mama haya. Nasema kweli.

Lakini chakula chenyewe! Wali wa nazi, mchuzi wa pweza wa tui zito, ndimu na pilipili mbichi, sote kwenye sinia moja. Mkono wako ukiwa mzito, ulilala na ukoko. Watoto wa leo huulizwa watakula nini, kama wageni wa hoteli. Sisi tuliulizwa kama tumenawa.

Mama alifariki mwaka jana. Wakati huo Mwanaidi, aliyeolewa na Mwitaliano, alikuwa mjamzito huko Bari, mji wa bandari kusini mwa Italia. Mama ndiye aliyekuwa aende kumlea katika arobaini yake ya uzazi. Baada ya mazishi Mwanaidi akanipigia simu. "Dada, njoo wewe." Nikaenda, mimi niliyeishia darasa la nane.

Nilimkuta na mtoto wa kike wa wiki moja, naye mwenyewe amekonda. Chakula kilikuwa hakipiti. Mama mkwe wake, Mama Lucia, mjane mwenye sauti kubwa na moyo mwema, alimpikia supu ya kuku, tambi, maharagwe. Mimi nikampikia uji wa pilipili manga. Vyote alivirudisha. Maziwa yalikuwa machache, mtoto analia mchana kutwa.

"Labda pweza wa mama," Mwanaidi akasema, akageukia ukutani.

Nikaingiwa na hofu. Sikuwa nimempiga pweza tangu niolewe.

Asubuhi Mama Lucia akanishika mkono tukashuka bandarini. Tulipita vichochoro ambamo wanawake wameweka meza milangoni, wanafinya tambi ndogo mfano wa masikio kwa kidole gumba, bila kutazama mikono yao. Sikujua neno la lugha yao, lakini nilijua kuna jirani anayesengenywa. Aliyesuka ukili na wanawake wa kwetu huijua sauti hiyo popote.

Kisha nikasikia pah! Pah! Wazee wa bandarini walikuwa wakiwabwaga pweza jiweni. Wakishawapiga huwazungusha kwenye beseni la maji ya bahari mpaka mikono ijikunje kama ua, na watu huwala pale pale, wabichi, kwa mkate. Nikasema astaghfirullah kimoyomoyo.

Mama Lucia akanunua mmoja mkubwa. Mzee aliyetuuzia alitaka kutupigia, nikamkatalia kwa kichwa. Nikafunga leso kiunoni, nikambwaga. Wazee wakacheka. Mmoja akasema neno, wakacheka zaidi. Nilipofika ishirini wakasogea karibu. Nilipoanza kusugua, mzee wa beseni akaja akainama, akachota povu kwa kidole, akawaita wenzake waje waone. Nikamaliza sitini, sikuhitaji kuhesabu. Kisha nikalia mbele ya watu wote, kilio kilichokataa kuja msibani. Mama Lucia akanifuta uso kwa aproni yake.

Jikoni wasiwasi ukanirudia. Nikainua kikombe cha maji nitie sufuriani. Mama Lucia akapiga ukelele, akanidaka mkono. Chumbani Mwanaidi akacheka, kicheko cha kwanza tangu nifike.

"Dada we! Anasema pweza huiva kwa maji yake mwenyewe. Mama angekuchapa!"

Kweli angenichapa. Maneno ya mama hasa, yametoka kinywani mwa mwanamke asiyejua Kinondo iko wapi. Nikakiweka kikombe chini. Pweza akatoa maji yake, akaiva, nikatia tui la kopo, ndimu na pilipili.

Mwanaidi alikula sahani ya kwanza akiwa ameegemea mto. Ya pili aliila akiwa amekaa wima. Mama Lucia alichovya mkate, akachovya tena, akauliza jambo.

"Anauliza nani alikufundisha," Mwanaidi akasema.

"Mwambie mama yetu. Mwambie alikuwa mvuvi wa pweza, hana mfano pwani nzima."

Tangu siku hiyo Mwanaidi alikula kila nilichopika, na Mama Lucia pia. Kabla ya arobaini kutimia mtoto alikuwa amejaa mashavu, na mimi bandarini nasalimiwa kwa kuvuliwa kofia.

Nimerudi nyumbani. Siku hizi pweza wetu hawagusi jiwe. Vijana huwawahi kwa pikipiki na sanduku la barafu, wakawapeleka hoteli za Diani. Mabinti wamesoma kwenye simu kwamba friza hulainisha. Huenda ni kweli, sibishani na simu. Lakini mwamba umekuwa kimya. Mtoto wetu wa Bari atakua akisikia pweza wakipigwa kila asubuhi, na huenda akaijua sauti ile kuliko watoto wa Kinondo.