Mama Sauti na Filamu Asiyoielewa

Nimekaa katika kumbi nyingi za sinema, nyingine zenye viti vya mahameli na mlango wa kufunguliwa na mtu aliyevaa glovu. Kote huko sijasikia mapenzi yakisemwa vizuri kama kwenye ule ukumbi wa mabenchi nyuma ya duka la mabati, ambako mwanamke mmoja aliwasemea wahusika wote kwa kinywa chake.

Watu walimwita Mama Sauti. Filamu zilitoka nchi ya mbali, na lugha yake hakuna aliyeijua pale mtaani. Basi sauti ya filamu ilipunguzwa, naye alikaa kando ya pazia jeupe, kipaza sauti kimevikwa kitambaa kisikwaruze, glasi ya maji ya tangawizi miguuni. Alikuwa msichana, alikuwa baba mkali, na ikibidi alikuwa mbwa. Hakuwa na mume. Walimtania kwamba ameolewa na kipaza sauti, naye hujibu, "Angalau huyu nikinyamaza ananyamaza."

Kazi aliirithi kwa mjomba wake, aliyeijua ile lugha kwelikweli kwa kuwa alipikia mabaharia ujana wake wote. Koo la mjomba lilipoharibika alimkabidhi mpwa wake kipaza sauti, na mtaa ukaamini amemkabidhi na lugha. Wapi! Alimfundisha mahali pa kuvuta pumzi, na kwamba mwanamke anayelia hasemi sentensi ndefu. Basi. Mengine yote Mama Sauti aliyabuni. Kila Jumamosi aliitazama filamu ya kesho yake mara tatu huku akipiga pasi, akifuatisha midomo inavyofunguka, kisha akawapa wahusika maneno aliyoyaokota kwenye foleni ya hospitali na kwenye ugomvi wa majirani. Miaka kumi na tisa. Siri hiyo aliijua yeye na marehemu mjomba.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya msichana wa milimani na askari wa jeshi geni: watu wawili, mila mbili, dini mbili. Wanakutana darajani. Askari anafungua kinywa, na Mama Sauti anasema kwa sauti nzito, "Ukinikataa leo, nitarudi kesho. Ukinikataa kesho, nitahamia hapa hapa. Unioneshe tu pa kutandika." Akina mama walikuwa wakiyasema maneno hayo pamoja naye, machozi yakiwatiririka.

Jumapili moja alasiri, katikati ya machozi hayo, mtu mmoja aliangua kicheko benchi la nyuma.

Alikuwa fundi wa majokofu, mgeni, aliyeletwa na kampuni yake kujenga vyumba vya baridi sokoni. Mama Sauti aliujua ukumbi wake kama mpishi anavyoijua chumvi. Alijua pa kulia na pa kucheka. Pale hapakuwa pa kucheka. Mtu huyu anaijua lugha.

Jumapili iliyofuata fundi akarudi, akacheka palepale. Safari hii alisikiwa pia na Karani, mstaafu wa mahakama, mkaaji wa benchi la mbele, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani. Filamu ilipokwisha, Karani alisimama.

"Mgeni! Lugha hii unaijua?"

"Ni lugha ya mama yangu, mzee."

"Basi tuambie mbele ya watu. Huyu mama anatafsiri, au anatuchezea?"

Mama Sauti alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Neno moja tu la mtu yule, na kesho angekuwa anapiga pasi nguo za watu.

Fundi alijikuna kichwa. Kiswahili chake alikiokota sokoni, kilikuwa bado kinachechemea. "Pale darajani, askari hasemi mapenzi. Anauliza njia ya stesheni."

"Na binti anajibu nini?"

"Lugha yake ni ya jirani zetu, naijua pia. Anasema mkate umekwisha."

Mtu alikohoa kicheko. Fundi akaendelea, "Hawa hawaelewani, mzee. Kila mmoja na lugha yake. Filamu nzima wanaelezana kwa vidole. Ndiyo hadithi yenyewe: wanapendana bila kuelewana hata neno."

"Mmesikia!" Karani aliwageukia watu kama aliyeshinda kesi. "Miaka kumi na tisa!"

"Tumesikia," alisema muuza nyanya wa benchi la pili. "Kumbe bila Mama Sauti wangekuwa darajani mpaka leo wanatafuta stesheni!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. "Na wewe Karani," akaongeza, "umelia pale mara ngapi?"

"Lilikuwa vumbi."

"Vumbi la miaka kumi na tisa? Pole, baba!"

Mama Sauti akainuka. Kwa mara ya kwanza alisema kwenye kipaza sauti bila kuwa mtu mwingine. "Ni kweli. Siijui lugha hii, hata salamu." Halafu akamtazama fundi, akavuta kigoda. "Na wewe unayecheka sana, njoo ukae hapa."

Akaja. Tangu siku hiyo onyesho lilikuwa la watu wawili: fundi anasema kilichosemwa, Mama Sauti anasema kilichopaswa kusemwa. Watu wakawa wanakaa hata madirishani.

"Dada, mbona baba umempa maneno mengi? Kasema 'toka' tu."

"Baba mwenye masharubu yale? Haishii kwenye 'toka'!"

Fundi akamfundisha lugha yake, naye Mama Sauti akamnyoosha Kiswahili. Mtaa ulitambua mambo kabla ya wao wenyewe: mashati ya fundi yalianza kuwa na mikunjo ya pasi iliyonyooka kama rula.

Kisha vyumba vya baridi vikakamilika, na kampuni ikamwita fundi arudi kwao. Jumapili ya mwisho waliiweka filamu ya darajani. Askari alipofungua kinywa, fundi alikichukua kipaza sauti akasema kwa lugha yake, maneno mengi, taratibu. Askari alishatoka kwenye pazia, fundi bado anasema, na hatazami filamu tena.

"Tafsiri!" ukumbi ukapiga kelele. "Mama Sauti, tafsiri!"

Mama Sauti, ambaye hajawahi kukosa neno hata la mbwa, alinyamaza.

Karani akainuka, kamusi ndogo mkononi. Alikuwa ameinunua ili awanase wote wawili wakidanganya, akawa anaisoma kila usiku. "Nipeni hicho," akasema, akakitwaa kipaza sauti. "Anasema haulizi tena njia ya stesheni. Anauliza, akibaki hapa, ataoneshwa pa kutandika?"

Mama Sauti alijibu neno moja, kwa lugha ya fundi.

"Amesema," Karani alianza, "amesema kwamba tangu siku ya kicheko kile moyo wake haujakaa kwenye kigoda, na kwamba milima na ije, majeshi na yaje, mahali pa kutandika papo, na pasi iko motoni..."

"Mzee," fundi alimkatiza, "amesema 'ndiyo' tu."

"Kaa chini wewe," Karani akamwambia, akijifuta vumbi machoni. "Hujui kutafsiri."