Bibi Alipandishwa Lori Jingine

Walipoezua paa la nyumba yetu kule Kwaluguru ili tuhamie kijiji cha ujamaa, baba alisema alhamdulillahi. Nilimtazama nikadhani amerukwa na akili. Mgambo wako juu wanatupa nyasi chini, mama ana mimba ya kutimia, na yeye anashukuru. "Mungu ana heri yake humu," akaniambia. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili na sikuiona heri yoyote, wala sikutaka kuitafuta.

Kilichoniuma hasa ni bibi. Yeye, mama yake mama, ndiye aliyekuwa mkunga wetu, na katika ukoo wetu binti hakuzalishwa na mkono mwingine maadamu mama yake yu hai. Alikuwa amekwishafika kwetu kumngoja mjukuu. Lakini orodha ya viongozi ilimpeleka kijiji kingine cha ujamaa, basi akapandishwa lori jingine pamoja na kifurushi chake cha wembe na uzi. Njia nzima hadi Mkata, tulikopangiwa sisi, nilimwomba Mungu lori lile liharibike, au ligeuzwe, lituletee bibi.

Wiki moja baadaye tulikuwa bado kwenye kibanda cha miti mitupu kando ya barabara kuu. Mama akaacha kula, akasema mihogo imemchafua tumbo. Kutwa nzima alikaa amebana magoti, jasho linamtiririka, na kila tukimuuliza anasema ni mihogo. Kumbe uchungu ulikuwa umemshika, naye alikuwa anamngoja mama yake. Asubuhi alishindwa kuinuka mkekani. Nikafunua kanga nimsitiri vizuri, nikauona mkono wa mtoto umetoka peke yake. Vidole vitano, na kimoja kilijikunja. Nikamwita baba.

Baba alikimbia akasimama katikati ya barabara. Lori la shamba la mkonge lilikuwa linarudi Ngombezi tupu. Dereva alifunga breki akamtukana, kisha akamwona mama, akashuka tumpakie. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametufikisha hospitali, Korogwe. Mama akapasuliwa.

Muuguzi alitoka akamwambia baba kwamba mtoto alikuwa amekingama tumboni, kwamba angevutwa mkono wangekufa wote wawili, na kwamba mama na mwanawe wote wako hai. Baba akakaa chini sakafuni. Barabara ile niliyoichukia ndiyo iliyomfikisha mama pale, na kule Kwaluguru gari lilikuwa halipiti mwezi mzima. Hata leo sisemi kwamba heri ile ililipa nyumba yetu, na walioezua paa sijawasamehe. Lakini siku ile niliogopa, kwa sababu nilikumbuka nilichokuwa nakiomba.

Bibi alipata habari, akatufikia hospitali siku ya tano, kwa miguu na kwa lifti, miguu imevimba. Nikamwamkia shikamoo, hakunisikia. Alitaka kuuona mshono. Mama akafunua kanga. Bibi aliutazama, kisha akauliza mtoto alikuwa amelalaje. Mama akamwonyesha kwa kiganja, na jinsi mkono ulivyotangulia.

"Kila siku nilimlilia Mungu anifikishe kwako mapema," bibi akasema. "Ningefika, mwanangu, ningeuvuta huo mkono. Ndivyo nilivyofundishwa."