Tundu la Risasi Nililotoboa kwa Drili

Nimekosa, na wa kulaumiwa ni mimi tu. Nisikilizeni, maana nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Ninauza mikate ya soseji kwenye kibanda karibu na Porte de Namur, huku Ubelgiji. Mwenyewe ni Maman Furaha, mama wa Bukavu aliyeolewa na Mbelgiji. Kibanda kilianzishwa na babu wa mumewe wakati wa vita, na kwenye ubao wa nyuma, usawa wa kifua, palikuwa na tundu.

Mimi wiki yangu ya pili, sijui lolote. Kwetu Tanga ukipewa kazi na mama wa watu, unaonyesha shukrani. Basi Jumapili, akiwa kanisani, nikaliziba lile tundu na kupaka rangi ubao mzima. Nikajiona fundi.

Jumatatu, kabla hajafika, mteja wa kwanza akauliza, "Tundu la risasi liko wapi?" Akanieleza kwamba askari alifyatua, na babu akapona kwa kuwa alikuwa ameinama kuokota soseji iliyoanguka. Watu hutoka mbali, mpaka Uccle, kuja kutia kidole humo!

Nilinywea. Nikaazima drili kwa jirani. Mahali pa zamani sipaoni kwa rangi, na waya wenyewe mfupi, ukanifikisha usawa wa goti tu. Nikatoboa hapohapo.

Maman Furaha aliona rangi mpya tu, tundu hakugundua. Husimulia ameelekea barabarani, huku kidole gumba kikionyesha nyuma; tundu lenyewe hakuwahi kulitazama vizuri. Siku tatu wateja walichuchumaa, wakatia kidole, wakasikitika. Siku ya nne bibi mmoja akasema, "Lakini aliyeinama hapa angepigwa kichwani."

Maman akageuka. Akalitazama lile tundu mpaka soseji zikaungua.

"Donc bwana yangu ananidanganya miaka trente, thelathini yote?"

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini kazi nilikuwa naihitaji, nikaanza kuzikwangua soseji zilizoungua.

Kesho yake alikuja na kopo la rangi. "Mutoto yangu, uko na mikono muzuri. Ziba huyu uongo."

Nikaliziba, kwa mara ya pili, naye akanishukuru.

Jamani, ukiona tundu kwa mtu, uliza kwanza. Mumewe, mzee wa watu, sasa analala kwenye kochi, miguu inaning'inia, kwa ajili ya babu ambaye kweli aliinama.