Kanuni ya Kumi na Moja ya Injini Mpya

Nilikosea siku ile ile gari lilipofika. Nilimwambia mjomba wangu kwamba injini mpya lazima izoeshwe na mguu wa mtu mmoja tu, na kwamba mguu huo uwe wangu. Ni uongo mtupu. Acha niutue hapa, hata mkinicheka.

Mjomba, kaka yake mama, ana duka la vifaa vya ujenzi Kaloleni. Kabla ya duka aliendesha malori ya watu miaka na miaka. Alikuwa na ndoto moja tu: anunue gari la spoti jipya kabisa, ambalo halijawahi kukaliwa na makalio ya mtu mwingine (maneno yake hayo!), kisha ampeleke Bibi, mama yake, kanisani, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Gari likaja. Jekundu, viti viwili, tumbo karibu na ardhi kama kenge.

Mimi chuo cha ufundi sijakanyaga. Nimejifunza kwa simu, na kwa kusimama nyuma ya mafundi mpaka wanifukuze. Tena nina ugonjwa: kitu kisipokwenda sawasawa, chakula hakishuki. Mjomba alilijua hilo, ndiyo maana akaniita.

"Fundi, hili dude linaanzwaje?"

Nikamwandikia kanuni kwenye daftari. Kilomita elfu moja na mia tano za mwanzo, mshale wa mizunguko usivuke elfu nne. Usikanyage mafuta mpaka chini. Usikae mwendo mmoja muda mrefu. Injini ipate joto kwanza ndipo uidai kazi. Zilikuwa kanuni kumi, zote za kweli, naapa!

Kisha Mjomba akajaribu klachi kwa ule mguu wake wa lori. Gari likaruka kama mbuzi, na moyo wangu ukaruka nalo. Nikachukua kalamu, nikaongeza ya kumi na moja: mguu mmoja tu, kwa sababu vyuma vipya huzoea mguu.

Nilitegemea abishe. Jamani, hakubisha!

"Kama yule ng'ombe wa mama," akasema taratibu. "Nikiwa mdogo tulikuwa na ng'ombe hatoi maziwa ila kwa mkono wa mama. Nililia kweli nikitaka kumkamua, nikakatazwa. Sawa. Shika ufunguo."

Nilijiambia nafanya vile kwa ajili ya injini. Huo ukawa uongo wa pili! Nilipopita mbele ya maduka nikajiona kwenye vioo, nilipenda nilichokiona.

Basi kila asubuhi nikawa natoka nalo nyumbani kwa Mjomba, Themi, nashuka mpaka upande wa Nduruma, narudi. Mwendo wa hamsini, sitini, hamsini. Vijana wa bodaboda walikuwa wananisubiri.

"Oya chalii, umelibeba ama limekubeba?"

"Mwacheni, anasindikiza msiba!"

Siku moja trekta lenye tela la vitunguu lilinipita. Dereva akanipungia mkono kwa huruma. Sikujali. Mshale wangu ulikuwa elfu tatu, umetulia.

Mvua ikinyesha sitoki. Vumbi likizidi sitoki. Wiki sita zikaisha na kilomita hazijafika hata elfu moja. Mjomba alikuwa anakwenda dukani kwa bodaboda na kurudi kwa bodaboda. Jioni anachungulia dashibodi kupitia dirishani, anafuta bodi kwa leso yake.

"Limeshazoea?"

"Bado kidogo, Mjomba."

Bado kidogo! Loo, ulimi huu!

Jumapili ya mavuno ikafika. Mchungaji alikuwa ameahidi kulibariki gari siku hiyo, baada ya ibada, kabla ya mnada wa ndizi na kuku. Bibi anaishi juu ya Tengeru, katikati ya kahawa na migomba. Nilidhani siku hiyo Mjomba atasema kanuni zipumzike. Hakusema. Alivaa suti yake ya kijivu, akasimamisha bodaboda.

"Viti ni viwili," akasema. "Wewe mchukue mama. Mimi nitatangulia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Sikusema.

Barabara ya kwenda kanisani ina mawe, na gari lile haliwezi mawe. Kwa hiyo bodaboda ilikuwa inakwenda hatua chache, inasimama, Mjomba anashuka na suti yake, anainama, anaokota jiwe, analitupa kwenye migomba. Anapanda tena. Anashuka tena. Anasafishia njia gari lake mwenyewe, mimi nimekalia kiti chake, mama yake yuko kushoto kwangu.

Bibi alimtazama muda mrefu.

"Mbona mwenye gari anaokota mawe?"

"Injini bado changa, Bibi. Inazoea mguu mmoja. Mjomba anasema ni kama yule ng'ombe wako."

Bibi akaanza kucheka. Akacheka mpaka kilemba kikamteleza.

"Yule ng'ombe! Yule angekamuliwa hata na mchungaji! Nilisema vile ili watoto wasimguse. Kikombe cha kwanza nilikuwa nakinywa mwenyewe zizini, cha moto." Akanikazia macho. "Na wewe unakunywa nini humo?"

Nikajifanya nasikiliza injini.

Ibada ilipokwisha, waumini wakalizunguka gari. Bibi alikuwa amesharudi kitini mwake garini, nami nimesimama mlangoni na ufunguo wangu kama mwenye mali. Mchungaji akafungua kitabu chake.

"Mwenye gari aweke mkono kwenye usukani."

Watu wakamtazama Mjomba. Magoti yake yalikuwa na udongo.

"Aweke kijana, Mchungaji," akasema. "Injini inamjua yeye."

Na alisema kwa fahari! Jamani, angenitukana ningepona! Mkono wangu ulikataa kunyanyuka.

"Mjomba, nisamehe," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kanuni ya kumi na moja niliitunga. Injini haijui mguu wa mtu."

Mjomba akanisogelea, kuku wa mnada wakilia.

"Hata ile ya mshale?"

"Hapana. Zile kumi ni za kweli."

"Kwa hiyo nimepanda bodaboda wiki sita bure?"

"Ndiyo, Mjomba."

Aliniangalia kwa macho mekundu. Ndipo sauti ikatoka ndani ya gari.

"Mwanangu, usimpige. Na yule ng'ombe naye..."

"Mama!"

Mchungaji akafunga kitabu. "Nilikuja kubariki gari," akasema, "naona tumeingia kwenye toba." Waumini walicheka mpaka mwenye mnada akaomba utulivu.

Mjomba hakucheka. Alichukua ufunguo mkononi mwangu, akakaa, akavuta kiti mbele, akaweka mkono kwenye usukani. Baada ya amina akaondoka na mama yake. Mimi nilirudi kwa miguu, na mawe yote aliyoyatupa niliyaona.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Sasa nikimwambia lolote, hata kwamba tairi halina upepo, ananiuliza, "Hii ni ya kumi ama ya kumi na moja?" Nami sina wa kumlaumu.

Vijana wenzangu mnaojifundisha mambo kwa simu, nawasihi! Mtu akikuamini kwa kumi unazozijua, usimchomekee ya kwako. Yeye hana namna ya kuzitofautisha, na atainama barabarani kukuondolea mawe.

Kilomita zilizobaki alizimaliza Mjomba, kwa mguu ule ule wa lori, na injini haijalalamika. Jumapili humchukua Bibi. Siku nyingine mara moja moja hunichukua mimi. Nakaa kushoto, mkanda nimefunga, mdomo nimefunga.