Kuku Walipopanda Mapema

Mwezi uliopita nilikwenda Marani kumzika mtu aliyecheza mpira safu ya mbele pamoja nami kwa miaka mitatu ya utoto wetu. Wasifu wake ulipokuwa ukisomwa, nilisikia neno lililonifanya nishike kiti cha plastiki kwa mikono miwili. Binti yake mkubwa, mwalimu mwenye sauti safi, alisoma hivi: "Baba alipenda ng'ombe wake, alipenda kanisa lake, alipenda chai yenye maziwa mengi. Mpira hakuupenda hata kidogo. Ukianza kutangazwa redioni, alitoka nje akaenda kukata nyasi."

Rafiki yangu, nimesikia uongo mwingi matangani, na mwingine nimeutunga mwenyewe. Lakini binti yule hakudanganya. Alisema alichokiona. Mimi ndiye niliyejua kabla ya hapo kulikuwa na nini, na katika hema lile lote nadhani nilikuwa nimebaki peke yangu.

Huyu ambaye hakupenda mpira, nilimwona akipiga mpira wa kamba za migomba ukapasuka angani, vipande vikatua katika vijiji vitatu. Nilimwona golikipa mmoja akijitupa kulia, mpira ukapita kushoto, na golikipa akaendelea kwenda kulia mpaka nyumbani kwao. Pengine naongeza chumvi kidogo. Ondoa nusu, itakayobaki bado itamshinda mshambuliaji yeyote unayemjua.

Vijana wa siku hizi hubishana sana juu ya washambuliaji wawili wanaoelewana. Huyu anasema ni kasi, yule anasema mmoja awe mrefu na mwingine mfupi. Nimesoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti nikiwa na mvi, kwa hiyo niruhusu niseme kama msomi: ni mkungu wa ndizi. Kwetu ndizi zilishuka sokoni zikining'inia kwenye mti mabegani mwa watoto wawili. Mimi mfupi nilitangulia, mwenzangu mrefu akafuata. Mkungu uliokuwa kati yetu ulikuwa mkubwa kama ndama, na yeye nyuma hakuona njia, aliona ndizi tu. Basi nilikuwa macho yake. "Jiwe." Anainua mguu. "Mtaro, ruka." Anaruka. "Utelezi, shika kushoto." Anashika kushoto. Miaka mitatu, mvua na jua, hakuanguka hata siku moja, wala hakuniuliza hata mara moja kama lile jiwe lilikuwepo kweli.

Uwanjani ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nilitangulia na mpira nikawavuta mabeki kama nzi wafuatao maziwa, kisha nikasema "Acha" na kuupitisha nyuma yangu bila kugeuka. Yeye alikuwa ameshaanza kukimbia kabla sijalimaliza neno. Hakuinua kichwa. Mwalimu wa michezo alizoea kusema, "Hawa wawili wana shingo moja." Kwa mwalimu aliyetusifu mara moja kwa muhula, hiyo ilikuwa sawa na nishani.

Jambo moja tu lilitutenga. Kwao walikuwa Wasabato, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu tulikuwa Wakatoliki. Jumamosi kwao moto wa kupikia haukuwashwa. Walikula ndizi zilizochemshwa Ijumaa na mboga ya chinsaga iliyolala ikazidi kuwa tamu, na mpira haukuguswa mpaka jua lizame. Tatizo ni kwamba huku kwetu vilimani, miezi ya mvua, jua halizami. Linapotelea tu mawinguni alasiri, na hakuna ajuaye limekwenda wapi. Saa ya mkono walikuwa nayo mwalimu na padri tu. Kwa hiyo nyanya yake alikuwa na kipimo chake: kuku wakipanda kulala, Sabato imekwisha. "Jua laweza kujificha," alisema, "lakini kuku hajui kudanganya."

Kila Jumamosi jioni mimi mtoto wa Kikatoliki nilikaa juu ya jiwe nje ya boma lao, nikiwakodolea macho kuku kuliko walivyokodolewa na mwewe. Siku moja niliwarushia wimbi ndani ya banda ili waingie mapema. Nyanya akanikamata sikio. "Momura," akasema, na kwetu huyo ni kijana wa kiume, "hao wameingia kula, hawajaingia kulala. Mungu anajua tofauti. Wewe hujui?"

Nilijua.

Mwaka wetu wa darasa la saba, miaka ya sabini ikiwa bado mipya, wazee wa kanisa walimtafutia mwenzangu nafasi katika shule ya sekondari ya misheni. Katika kijiji chetu kizima sekondari ilikuwa kama mwezi: tuliiona kwa mbali. Sharti lilikuwa moja, abatizwe mwezi ule akiwa na mwenendo usio na doa. Mama yake alikuwa ameshamshonea kaptura ya kwendea huko.

Na mwezi ule ule tukaingia fainali dhidi ya shule moja ya upande wa Nyamira. Mgeni wa heshima alikuwa na nafasi Jumamosi tu. Mwenzangu alimwambia mwalimu kwa upole kwamba hatacheza. Mwalimu hakubishana, ila jezi yake aliibeba, na jina lake akaliandika miongoni mwa wa akiba.

Ilikuwa tuanze saa tisa. Saa tisa ikanyesha mvua ambayo vyura wenyewe walitafuta mahali pa kujikinga. Tulianza karibu saa kumi na moja, uwanja ukiwa kama uji wa wimbi. Kipindi cha pili tulikuwa tumefungana bao moja kwa moja, na mimi mbele peke yangu nilikuwa sina maana. Nilisema "Acha", nikapitisha mpira nyuma, ukaokotwa na beki wao. Akacheka. "Unaongea na nani, bwana mdogo? Na marehemu?"

Hapo ndipo nikamwona mwenzangu. Alikuwa ametoka ibada ya alasiri, amesimama kwenye ua wa minyaa na shati lake jeupe, viatu miguuni, kitabu cha nyimbo kwapani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama nyumba yao ikiungua.

Wingu jingine likashuka. Giza likaingia uwanjani mpaka refa akaanza kusogea karibu na mpira ili auone. Upande wa pili wa ua palikuwa na boma la jirani, na kuku wake, naapa, walikuwa wanapanda. Mmoja mmoja, kwa adabu yao, mpaka jogoo.

Mpira ukatoka nje. Nilimpita mwalimu nikiufuata, na mkono wake ulikuwa umeinuka, anatazama saa. Niliiona. Saa kumi na mbili ilikuwa haijafika. Jua letu, kila mtoto alijua, huzama kama saa kumi na mbili na nusu hivi.

Nikamkimbilia mwenzangu uani. "Kuku wamepanda," nikamwambia.

Yeye alikuwa amelipa lile boma mgongo. Angegeuka tu angewaona, na pengine angetazama mbingu pia, akajiuliza. Hakugeuka.

"Umewaona mwenyewe?"

"Mpaka jogoo."

Akavua viatu. Kitabu cha nyimbo akakiweka ndani ya kiatu cha kulia, akakifunika na cha kushoto kisilowe. Akamwendea mwalimu kuchukua jezi. Mwalimu alimtazama, akanitazama, akampa. Naye nina neno naye, lakini alitutangulia zamani.

Sikumdanganya. Hicho ndicho nilichojiambia kwa zaidi ya miaka hamsini. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Nilimwambia habari za kuku, habari za saa nikazimeza.

Zilibaki kama dakika kumi. Nikachukua mpira, nikawavuta mabeki watatu mpaka karibu na kibendera cha kona, nikasema "Acha", nikauacha katika matope. Sikugeuka. Nilisikia tu mguu wake, kisha nikasikia shule nzima. Lile bao ningekuelezea mpaka kesho. Tulimbeba juu, shati lake jeupe likichungulia chini ya jezi.

Alikuwa bado juu ya mabega yetu wingu lilipopasuka. Jua likatoka juu ya kilima, kubwa, la manjano, likamulika uwanja wote. Kelele zikapungua. Katika boma la jirani kuku wakaanza kushuka, wakajikung'uta mabawa. Na njiani, kando ya uwanja, akina mama wa kanisa lao waliokuwa wakirudi nyumbani wakasimama kutazama.

Mwenzangu alitazama jua. Kisha akanitazama mimi kutoka kule juu. Akaomba ashushwe.

Jumatatu baba yake na wazee wenzake walimketisha. Waliyomuuliza niliyasikia kwa nyanya yake, ambaye alikuja kwetu kuomba chumvi aliyokuwa nayo kwao. Walimuuliza ni nani aliyemwambia jua limezama. Walikuwa tayari kumsamehe kama alipotoshwa na mtu. Akajibu, "Niliwaona kuku mwenyewe."

"Mjukuu wangu alisimama akiwapa kuku mgongo," nyanya alisema, akinitazama mimi, si mama yangu. "Nimeambiwa na waliokuwepo. Sijui aliwaona kwa jicho gani."

Akangoja. Alinipa muda wa kutosha, nakiri. Maharagwe yalikuwa yanatokota jikoni, na nilisema naenda kuyatazama.

Ile ndiyo pasi ya mwisho aliyonipa mwenzangu, rafiki. Aliniwekea mguuni, lango wazi. Nilichotakiwa ni kwenda kwa wazee, hatua mia mbili, nikaseme. Sikwenda siku ile, wala kesho yake. Ubatizo wake ukasogezwa mwaka mzima, nafasi ya sekondari akapewa kijana mwingine. Kabla ya mavuno alikwenda Kericho kuchuma chai. Kabla hajaondoka tulibeba mkungu mmoja tu. Nilisema "Jiwe," naye nyuma yangu akasimama, akainama chini ya ndizi, akalitafuta kwa macho kwanza.

Haya, turudi matangani. Mfawidhi wa shughuli aliuliza kama yuko mtu aliyemfahamu marehemu utotoni. Nikainuka. Wingu lilikuwa limeanza kutanda kama kawaida ya Marani, na nyuma ya hema kuku wa marehemu walikuwa wameanza kupanda mti wao wa mkwamba, saa tisa mchana. Nilikuwa nimepanga kuwachekesha watu, maana ndiyo kazi yangu kila msiba. Badala yake nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia kuku wamepanda. Nilikuwa nimeiona saa ya mwalimu."

Nilingoja kama nyanya alivyoningoja. Nilitafuta uso mmoja ambao ungebadilika. Wazee wale wa kanisa wamelala makaburini. Uwanja wetu ni maduka ya mabati na saruji. Watoto wa marehemu walinitazama kwa heshima, wakisubiri sehemu itakayoeleweka.

"Asante sana mzee kwa fumbo lako zuri," mfawidhi akasema, akanipokonya kipaza sauti taratibu. "Wazee wetu hawa wana hekima. Kwaya, tafadhali."

Kwaya ikaimba. Nikarudi kwenye kiti changu. Nyuma ya hema jua lilikuwa limetoka tena, na kuku walikuwa wanashuka.